Maadamu Imepanda: Uchambuzi wa Kisa cha Mashua Iliyokaa Nchi Kavu kwa Siku 161

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea Mombasa kati ya Machi na Agosti 2024, katika mojawapo ya hori zinazouzunguka mji. Majina ya ufuo, ya mashua na ya wahusika yameondolewa, na baadhi ya mambo madogo ambayo yangemtambulisha mtu yameachwa. Fedha na tarehe zimebaki kama zilivyoandikwa katika daftari la mwenye chombo. Mimi niliingia mwezi wa tano wa kazi, nilipoombwa na mwenye chombo na fundi wake niangalie hesabu, kwa kuwa huwawekea daftari wenye vyombo kadhaa na wote wawili walinifahamu. Mimi si fundi. Kwa hiyo mambo yaliyotangulia kuja kwangu nimeyapanga kwa kutumia daftari, picha za simu za nahodha, na maelezo ya wazee hao wawili ambao hawakuafikiana hata siku mvua ilipoanza.

Usuli

Mwenye chombo ni mstaafu aliyefanya kazi bandarini kwa miaka mingi. Mwishoni mwa 2022 alichukua sehemu ya kiinua mgongo chake akanunua mashua ya mbao yenye urefu wa takriban mita 9 na nusu, mbao zake mbambakofi na mataruma yake, yaani miti iliyopinda inayoshikilia mbao kwa ndani, mikoko, ikiwa na mashine ya dizeli ya silinda 2 ndani. Nahodha alikuwa mpwa wake. Siku za kazi mashua ilivua, na mwisho wa wiki ilichukua watu waliotaka kuzungushwa horini jioni. Katika mwaka wa kwanza ililipa mafuta na ujira wa watu wake, ikabakisha kidogo.

Ilikuwa ikivuja, na hilo peke yake si habari, kwa sababu sijaona mashua ya mbao isiyovuja. Linaloangaliwa ni kiasi. Mwanzoni mwa 2023 mpwa alikuwa akikumba debe mbili za maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ndani ya chombo, kila asubuhi. Kufikia Februari 2024 zilikuwa debe sita, na siku ambayo upo, chombo cha kukumbia maji, ulivunjika mkononi mwake kabla maji hayajaisha, alimpigia mjomba wake simu akamwambia kwamba yeye hatoki tena na abiria mpaka chombo kipandishwe.

Fundi aliyeitwa ni mtu mzoefu, mzaliwa wa visiwa vya Lamu, aliyejifunza kazi kwa baba yake. Aliikagua mashua ikiwa imelalia ubavu maji yalipokupwa, akasema ina kazi ya wiki 3: kubadilisha mbao 3 za chini, kutia kalafati (pamba ya kuziba nyufa kati ya mbao) upya, kisha kuipaka deheni (mafuta ya kulindia mbao) na rangi. Makisio yalikuwa Sh165,000. Walipatana kwa mdomo, papo hapo ufukweni, kwamba fundi atalipwa Sh1,800 kwa siku na msaidizi wake Sh1,000. Hakuna kilichoandikwa isipokuwa tarakimu moja, ile ya makisio, ambayo mwenye chombo aliiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari akaipigia mstari mara mbili.

Mfuatano wa matukio

Mashua ilipandishwa tarehe 13 Machi, siku za kwanza za Ramadhani. Mwezi ulikuwa umeandama siku chache tu nyuma, na maji ya bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambayo Mombasa hujaa karibu na saa kumi au saa kumi na moja, alasiri na alfajiri, yalikuwa makubwa mno. Vijana wapatao 20 waliokuwa na saumu waliivuta juu ya magogo ya minazi kabla ya magharibi, na mwenye chombo akagharamia futari yao. Kwa kuwa maji yalikuwa yamefika mbali, na sehemu za chini zilikuwa na vyombo vya watu wengine, waliipeleka juu kabisa karibu na mti wa mkungu, wakaitia magadi (miti ya kuegemeza chombo) pande zote mbili. Kila mtu alifurahi. Palikuwa na kivuli cha alasiri, na wezi wa misumari wasingefika bila kuonekana kutoka nyumbani. Nitairudia furaha hiyo baadaye, kwa sababu ndiyo kosa la kwanza katika kisa hiki, na halikufanywa na mjinga yeyote.

Wiki ya kwanza ilikwisha kwa kukwangua magamba na rangi kuukuu. Kisha fundi akaanza kugonga. Ubao mzima ukigongwa kwa nyundo hulia kama mlango unaobishwa. Ubao uliokufa hunyamaza. Kwenye safu iliyoshikana na mkuku, ule mti mkuu wa chini ya chombo, nyundo ilinyamaza mahali pengi kuliko ilivyotarajiwa. Ubao wa kwanza ulipong'olewa na kupasuliwa, ulionekana umejaa vijia vya mdudu wa baharini ambaye wataalamu humwita Teredo. Mdudu huyu huingia akiwa mchanga sana, kwa tundu lisilozidi kichwa cha pini, kisha hunenepa ndani, hivyo kwa nje ubao huonekana salama huku ndani umebaki kama sifongo. Kila kijia kilikuwa kimepakwa ndani kitu cheupe kama chokaa. Mpwa alikipiga picha kipande hicho juu ya kiganja chake, na ndiyo picha ninayoikumbuka zaidi katika zote alizonionyesha. Mbao 3 zikawa 7.

Mbao zilipotoka, mataruma yakaonekana, na upande wa shetri, yaani nyuma, kulikuwa na saruji. Mwenye chombo wa zamani, ama aliyemtangulia, alikuwa amemimina saruji kati ya mataruma ili kuzuia uvujaji, na wakati wa mauzo alisema ni uzani wa kuituliza mashua. Saruji ile iliziba njia ambayo maji ya ngama hupita kuelekea mahali pa kukumbwa. Mvua iliyopenya kwenye sitaha ikawa inatuama juu yake. Watu wengi huogopa maji ya chumvi, lakini chumvi huuhifadhi mti. Maji matamu yaliyotuama ndiyo huuozesha. Fundi alitumia siku mbili kuivunja saruji kwa patasi na nyundo, na chini yake miguu ya mataruma 5 ilichimbuka kwa vidole.

Hapo kazi ikabadilika. Ubao huweza kununuliwa. Taruma hutakiwa lipatikane katika mti uliopinda wenyewe kwa kipimo kile kile, na kukata mkoko kunahitaji kibali. Mbambakofi nao si mti wa kwenda kuuchukua dukani siku hiyo hiyo. Mataruma yalipatikana baada ya siku 11. Fundi na msaidizi walilipwa kwa baadhi ya siku hizo, kwa kuwa patano lao lilikuwa la siku na walikuwapo.

Wakati wa kungoja ndipo lilipoingia neno ambalo nimelifanya kichwa cha uchambuzi huu. Katika daftari, tarehe 4 Aprili, mwenye chombo aliandika: "Maadamu imepanda, tutazame na mashine." Wiki moja baadaye, baada ya Idi, palikuwa na ingizo jingine: maadamu sitaha imefunguliwa, mabao ya kukalia abiria yabadilishwe. Nilihesabu maingizo manne yanayoanza kwa neno hilo. Mashine ilitolewa, ikafunguliwa kwenye karakana, ikaonekana inahitaji ringi na bomba la kupozea, na ikabaki pale vipande vipande juu ya gazeti ikisubiri vipuri.

Tarehe 26 Aprili fedha zilikwisha. Kazi ilisimama mpaka tarehe 3 Juni, muda wa wiki 5 na siku kadhaa, na huo ndio muda ambao mashua iliharibika zaidi kuliko miezi yote iliyokuwa majini. Masika ya mwaka huo yalikuwa mazito. Turubai lilichanika upande wa omo, yaani mbele, mvua ikaingia, na kwa kuwa mashua ilikaa sawasawa juu ya magadi badala ya kuinamishwa, maji yakatuama ndani. Mvua ilipopumzika, jua la mchana lilizipiga mbao za juu zisizo na rangi. Mbao zilisinyaa. Mpwa alisema kwamba asubuhi moja, akiwa ndani ya mashua, aliona mwanga wa nje umeingia kwa mistari kama kupitia ukuta wa makuti.

Mwenye chombo alikopa kwa chama chake na kazi ikarudi, lakini msaidizi wa mwanzo alikuwa amepata kazi Kilifi. Aliyechukua nafasi yake alikuwa kijana mwenye bidii. Alizikuta nyufa pana, akazijaza. Alisokota pamba iliyolowekwa mafuta, akaigongomea kwa chembeu, patasi butu ya kushindilia pamba, mpaka ikagoma, kisha akaongeza nyingine. Wapita njia walimsifu. Methali ya ufa na ukuta tumeisikia tangu utotoni, na hapa iliwadanganya wote, kwa maana ufa wa mashua iliyokauka hujifunga wenyewe ubao ukishiba maji. Ukiwa umeshindiliwa pamba ukiwa wazi, ubao ukifura hauna pa kwenda, nao husukuma pamba nje, au hung'oa misumari, au hukunja taruma.

Tarehe 7 Julai ilichaguliwa kuwa siku ya kuishusha, kwa kuwa mwezi ulikuwa umeandama na bamvua linatarajiwa. Watu waliitwa, magogo yakapangwa, maji yakajaa, yakafika kwenye usukani, yakalowesha kisigino cha mkuku, yakaanza kurudi. Mashua haikutikisika. Walingoja ya alfajiri. Yakawa vile vile. Jioni ya tarehe 8 mwenye chombo alimwambia fundi maneno ambayo hakuwa na haja ya kuyasema mbele ya vijana, kwamba amegeuza mashua yake kuwa shamba la kuvuna kila siku. Fundi hakupandisha sauti. "Ami," alimjibu, "uozo si mimi niliyeutia. Mimi nimeufungua tu." Akakusanya tezo, keekee na nyundo zake, akaondoka. Wiki iliyofuata wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walinipigia simu.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Jambo la kwanza lilikuwa kueleza kwa nini maji hayakufika, kwa sababu mwenye chombo alikwisha kuamini kwamba mchanga umehamishwa kwa makusudi. Bamvua hurudi kila baada ya siku 14 au 15, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, lakini mabamvua hayalingani. Yale ya karibu na Machi na Septemba, wakati usiku na mchana hulingana, huwa makubwa kuliko ya Juni na Julai. Na mwezi ukiwa karibu zaidi na dunia, huongezeka tena. Bamvua la Machi 2024 lilikutanisha mambo yote mawili. Mashua ilipandishwa kwa maji makubwa kabisa ya msimu, ikawekwa kwenye ukingo wake wa juu, kisha ikatazamiwa kushuka kwa maji madogo. Fundi alilijua hilo. Nilipomuuliza kwa nini hakulisema mwezi wa Machi, alijibu kwamba walipatana wiki 3, na kwa wiki 3 mabamvua mawili ya Machi na ya mwanzo wa Aprili yangetosha. Jibu lake lilikuwa sahihi kabisa, nami sikuwa na la kuongeza.

Uamuzi wa kwanza, basi, ulikuwa wa kuiteremsha mashua nchi kavu, mita 6 hivi, mpaka mahali ambapo bamvua la kawaida hufika. Lilifanyika tarehe 23 Julai kwa magogo na kamba, na liligharimu siku moja. Mwenye chombo alipinga akisema anaingia gharama ya kuisogeza mashua ambayo haijaisha. Nilimwonyesha kwamba kila bamvua linalompita ni siku 14 nyingine za jua.

Uamuzi wa pili ulihusu mipaka ya kazi. Tuliketi watatu, tukaandika orodha mbili: yale ambayo yasipofanywa mashua itazama, na yaliyobaki. Katika orodha ya pili yaliingia mabao ya abiria, rangi ya ndani na kibanda cha nahodha. Mashine ilileta ubishi. Mwenye chombo alitaka ikamilike kwa sababu ya ukaguzi wa leseni ya abiria. Fundi alisema mashua inaweza kushushwa bila mashine na kuvutwa. Fundi ndiye aliyefuatwa.

Wa tatu ulikuwa wa malipo. Kazi iliyosalia iligawanywa vipande vinne, kila kipande na bei yake, na fundi akakubali bila ugumu; alisema malipo ya siku hayakuwa matakwa yake tangu mwanzo, ila mwenye chombo aliogopa kulipa kazi nzima kabla ya kuiona.

Kuhusu kalafati, hapa mimi na mpwa tulitofautiana na fundi. Mpwa, ambaye alikwisha kuona mashua ya jirani ikitapika pamba, alitaka nyufa zote za juu zitolewe pamba na zitiwe upya kwa wepesi. Fundi alikataa kuzigusa zile za ubavu wa kushoto, alikosimamia mwenyewe, akaruhusu za kulia, kazi ya yule kijana. Tukapatana hivyo. Kwa wiki 4 zilizofuata magunia yaliyolowa yalitandazwa juu ya mbavu zote, na mpwa aliyamwagia maji ya bahari asubuhi na jioni, ili mbao zianze kushiba kabla hazijaingia majini.

Matokeo

Mashua ilielea alasiri ya tarehe 21 Agosti, siku ya 161. Usiku wa kwanza ilikumbwa maji bila kukoma. Siku ya tatu mbao zilikuwa zimefunga. Ubavu wa kulia haukutoa tatizo lolote. Ubavu wa kushoto ulisukuma pamba nje kwa urefu wa kama hatua mbili, na vichwa vya misumari miwili vikachomoza. Fundi alikuja mwenyewe maji yalipokupwa, akavirekebisha kwa muda wa saa tatu, akakataa malipo. Hakusema kitu, nasi hatukumuuliza. Baada ya wiki mbili mashua ilikuwa ikitoa debe moja kila asubuhi. Mashine ilirudishwa mwezi wa Septemba.

Gharama yote ilifika Sh487,500, karibu mara tatu ya makisio. Mbao na mataruma vilichukua Sh148,000, ufundi Sh171,500, pamba, misumari, mafuta na rangi Sh62,000, mashine Sh78,000, na kupandisha, kusogeza na kushusha Sh28,000. Hesabu hii haina mapato yaliyopotea kwa miezi mitano, ambayo mwenye chombo hakutaka tuyakadirie.

Uchambuzi

Ziada juu ya makisio ni Sh322,500, nami nilijaribu kuigawanya kwa chanzo chake. Uozo uliofichika na mdudu vilileta Sh121,000. Hizo zisingeepukika, pengine zingejulikana mapema kama mtu angeivunja saruji kabla ya kununua, lakini zingelipwa tu. Maneno ya "maadamu" yalileta Sh116,500, yaani mashine na mabao ya abiria yenye thamani ya Sh38,500. Kungoja na kurudia kazi kulileta Sh85,000. Mwenye chombo alipoona mgawanyo huu alinyamaza kitambo, kwa sababu alikuwa na hakika kwamba hasara yote ilitokana na uozo, na kwamba uozo ulitokana na fundi.

Kwa maoni yangu, sehemu ya pili ndiyo iliyozaa ya tatu. Fedha zilikwisha tarehe 26 Aprili, na wakati huo karakana ilikwisha kupokea Sh52,000 za mashine. Fedha hizo zingetosha kufunga mbao za chini na kuishusha mashua kwa bamvua la mwezi mpevu wa mwisho wa Aprili, au lile la mwezi mwandamo wa Mei, kabla maji hayajapungua nguvu. "Maadamu imepanda" ni neno lenye busara kwa sura yake, kwani kupandisha ni ghali na ni kero, na mtu hataki kuvifanya mara mbili. Linasahau kwamba chombo cha mbao kilichopanda hakikai vile vile. Gari likiwekwa gereji mwezi mzima, kwa kawaida hutoka lilivyoingia. Mashua hukauka kila siku, na kila siku ya kukauka huongeza kazi ambayo haikuwapo ilipopandishwa.

Fundi naye ana sehemu yake. Alikisia wiki 3 bila kugonga ubao mmoja, kwa kutazama tu, na alijua kwamba mashua yenye umri huo haina mbao 3 mbovu peke yake. Nilimsikia akisema kwamba angetaja ukweli, mwenye chombo angemwita fundi mwingine. Huenda. Nimeona daftari za vyombo vingine, na makisio ya mdomo ya ufukweni karibu yote huwa ya wiki 3, kana kwamba ni sala ya kuanzia kazi. Kilichofaa ni makisio ya hatua mbili: bei ya kufungua na kukagua, na baada ya hapo bei ya kutengeneza, ikiwa na siku ya bamvua ambayo mashua ni lazima iwe tayari au isianzwe jambo jipya.

Yaliyofaulu ni machache na ni ya kawaida. Magunia ya maji hayakugharimu chochote ila jasho la mpwa, na ubavu wa kulia ni ushahidi wake. Malipo kwa kipande yaliondoa shaka ya mwenye chombo mara moja. Katika wiki 5 za mwisho hakufika ufukweni kuhesabu mafundi hata siku moja, jambo ambalo fundi alilitaja mara mbili kwa furaha. Kuisogeza chini mashua kulirudisha uwezo wa kuchagua tarehe, kwa kuwa tangu hapo walikuwa na mabamvua mengi ya kutumia badala ya kungoja Septemba.

Lililobaki bila jibu ni mataruma 2 ya mkoko yaliyoletwa mwezi wa Aprili na hayakutumika, kwa sababu yalikuwa yamepinda kupita kiasi. Fundi anadai mwenye chombo ndiye aliyeyakubali yaliposhushwa kwenye mkokoteni. Mwenye chombo anadai fundi ndiye aliyetoa kipimo. Bei yake ni Sh14,000, nayo yangali yameegemezwa kwenye shina la mkungu, na kuku wa nyumba ya jirani hulala juu yake.